Wi-Fi ya nyumbani ikigoma, tafuta kwanza ilipokatikia

Wiki iliyopita Hajati mmoja wa mtaa wetu hapa Walukuba, Jinja, alikuja dukani kwangu na ruta ameifunga kwenye kanga. "Mwanangu, hii imekufa," aliniambia hata kabla hajaketi. Nikamvutia kiti, nikaichomeka ruta kwenye adapta yangu. Taa zikawaka moja baada ya nyingine, ikashika mnara, na baada ya dakika mbili simu yangu ilikuwa ndani ya intaneti. Ruta nzima kabisa. Kilichochoka ni adapta aliyoiacha ukutani nyumbani. Lakini kijana aliyeitwa kuitazama siku moja kabla alikuwa ameshaingiza pini kwenye kile kitundu cha nyuma akaishikilia, ikafuta jina la Wi-Fi, nywila na kila kilichokuwa kimepangwa. Adapta mpya tuliipata kwa nusu saa. Kuunganisha upya televisheni, simu tano na kompyuta ya mjukuu anayesomea mtandaoni kulitumaliza jioni nzima.

Nimeliona jambo hili mara nyingi mno na linaniuma. Watu wanatupa ruta nzima, wananunua nyingine, na tatizo linabaki palepale. Mimi kazi yangu ni kuchapa, kuskani na kujazia watu fomu za pasipoti na za kodi za URA. Mtandao ukikata, foleni yote inasimama na kunitazama usoni. Imenibidi nijifunze kutafuta palipokatika kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe si mgumu. Kinachotakiwa ni kutogusa kitundu cha riseti mpaka ujue unachokitafuta.

Ielewe njia kwanza. Intaneti inatoka kwenye simu yako inaruka hewani hadi kwenye ruta. Kutoka kwenye ruta inakwenda kwa kampuni yako, ama kwa mawimbi hadi kwenye mnara, ama kwa kebo ya faiba inayoingia ukutani. Kampuni nayo inaipeleka nje ya nchi. Hivyo ni vipande vitatu, na umeme unaoilisha ruta ni cha nne. Hatua zote zilizo hapa chini zinakusaidia kujua ni kipande kipi kimekatika.

Hatua ya 1: Uliza kama ni kifaa kimoja au ni vyote

Usikimbilie ruta. Chukua simu ya pili, ya mtu mwingine aliyemo nyumbani, iliyoungana na Wi-Fi hiyohiyo, uone kama inafungua ukurasa wowote. Ikifungua, ruta yako haina kosa na kampuni yako haina kosa. Mgonjwa ni ile simu ya kwanza.

Kwenye simu hiyo, zima Wi-Fi na uiwashe tena. Ikikataa, nenda kwenye orodha ya mitandao, uiambie simu iusahau mtandao wa nyumbani, kisha andika nywila upya, polepole, ukitazama herufi kubwa na ndogo. Angalia kama kuna VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwa njia ya kuzunguka, iliyoachwa ikiwa imewashwa. Tazama pia tarehe na saa. Simu iliyozimika betri ikaamka na tarehe ya miaka ya nyuma itakataa kufungua karibu kila tovuti, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kwa hesabu ya simu yako vyeti hivyo bado havijaanza kutumika. Mteja wangu mmoja alihangaika na hilo siku mbili, na dawa yake ilikuwa kurekebisha tarehe tu.

Vifaa vyote vikikataa, endelea.

Hatua ya 2: Umeme, na adapta hasa

Taa hazipo kabisa? Anza na mambo ya karibu: Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, imeisha, swichi ya soketi iko chini, kebo ya kupanulia umeme imelegea. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi hiyohiyo uone kama inachaji.

Adapta iliyokufa kabisa ni rahisi kuijua. Inayosumbua ni iliyochoka. Taa zinawaka vizuri, Wi-Fi inaonekana, lakini mtu wa tatu au wa nne akijiunga, ruta inazima na kujiwasha yenyewe. Au inafanya kazi vizuri asubuhi na kugoma jioni, wakati nyumba nzima ipo. Hiyo ni kwa sababu ruta inapofanya kazi nyingi inataka umeme mwingi zaidi, na adapta haiwezi tena kuutoa. Kwa Hajati ndivyo ilivyokuwa. Nilipoishika adapta yake baadaye ilikuwa moto kuliko inavyopaswa, na plastiki yake upande mmoja ilikuwa imebadilika rangi kama chai ya maziwa.

Unapobadilisha adapta, geuza ruta usome kibandiko cha chini. Kuna herufi V na herufi A. Tuseme imeandikwa 12V na 1A. Adapta mpya lazima iwe 12V kamili. Ukichomeka ya chini ya hapo, ya 9V kwa mfano, ruta inaweza isiwake au ikawaka kwa kuyumba. Ukichomeka ya juu unaweza kuiunguza. Upande wa A, iwe 1 au zaidi, 2A haina madhara, kwa kuwa ruta inachukua inachohitaji tu. Tazama pia ule mchoro mdogo wa duara wenye alama ya kujumlisha na ya kutoa, ufanane kwenye adapta na kwenye ruta. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme watakupa yoyote ambayo ncha yake inaingia. Ncha kuingia si ushahidi wa lolote, kwa hiyo nenda na ile ya zamani mkononi.

Na kuhusu radi: sisi tuko ukingoni mwa ziwa, na ngurumo hapa ni jambo la kila msimu wa mvua. Wingu likijikusanya juu ya ziwa, chomoa adapta ukutani. Kama una antena ya nje iliyofungwa juu ya paa, chomoa na waya wake. Kuzima swichi peke yake hakutoshi. Umeme ukikatika, subiri urudi na utulie dakika kadhaa kabla ya kuchomeka tena, maana pigo la umeme unaorudi linaweza kuiua ruta.

Hatua ya 3: Fungua mlango wa ruta yenyewe

Hii ndiyo hatua ninayoipenda kuliko zote, na karibu hakuna anayeifanya. Ukiwa umeunganishwa kwenye Wi-Fi, fungua kivinjari uandike anwani ya ruta. Imeandikwa kwenye kibandiko cha chini. Mara nyingi ni 192.168.1.1, au 192.168.0.1, au 192.168.8.1 kwa ruta nyingi za laini, yaani zinazowekwa laini ya simu ndani.

Ukurasa wa ruta ukifunguka, umeshathibitisha kwamba kipande cha kwanza, kutoka simu hadi ruta, ni kizima hata kama intaneti haipo. Tatizo liko mbele. Nenda hatua ya 4.

Usipofunguka, tazama anwani ya IP, ile namba ambayo simu au kompyuta yako imepewa ili itambulike kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, maana yake kifaa kiliomba anwani kwa ruta na ruta haikujibu, kwa hiyo kikajitungia yake. Hapo ndipo kuzima ruta na kuiwasha upya kunaposaidia kweli. Chomoa adapta, hesabu hadi thelathini, chomeka, kisha subiri dakika tatu bila kuigusa. Kumbuka pia kwamba baadhi ya ruta ndogo za kubeba mkononi zinakubali vifaa 10 tu kwa wakati mmoja. Wageni wa Idi au wa Krismasi wakijaa sebuleni, wa kumi na moja atasema Wi-Fi imeharibika.

Hatua ya 4: Kutoka ruta hadi kwa kampuni

Wenye ruta ya laini, angalieni bando kabla ya yote. Tangu Julai 2021 kila bando la data Uganda lina ushuru wa asilimia 12 ndani yake, kwa hiyo bando linauma, na linakwisha bila kuaga. Ujumbe wa kampuni wa kukuarifu kwamba limekwisha unakwenda kwenye laini iliyomo ndani ya ruta, ambako hakuna anayeusoma. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya ujumbe, na huenda ukakuta umekungoja hapo. Vifurushi vinavyoitwa visivyo na kikomo navyo mara nyingi vina kiwango ambacho ukikivuka kasi inashushwa. Intaneti inakuwapo, lakini inatambaa.

Kama bando lipo, zima ruta, toa laini, ifute kwa kitambaa kikavu, uiweke kwenye simu ya kawaida. Ikipata intaneti huko, laini ni nzima. Ikikataa huko pia, tatizo ni laini au kampuni, na ruta yako uiache kwa amani.

Kisha kuna nguvu ya mnara. Vile vijiti vinavyoonyeshwa na taa vinakupa picha ya jumla tu. Kwenye ukurasa wa ruta kuna namba inayoitwa RSRP, ambayo daima ina alama ya kutoa mbele yake. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Ikiwa -80 una bahati. Ikiwa -100 utapata mtandao wa kusukuma siku. Ikishuka hadi -110 na kupita, utateseka. Dukani kwangu ruta ilikuwa kwenye rafu ya nyuma, chini ya mabati, ikisoma -108. Nilizunguka nayo chumba chote nikiwa nimeshika simu mkono mmoja, nikisimama kila mahali kama dakika moja ili namba itulie. Kwenye dirisha linalotazama upande wa barabara ilisoma -91. Ni mita nne tu kutoka kwenye rafu. Tangu siku hiyo inakaa dirishani, na sijalipa hata shilingi ya ziada.

Wenye faiba, tazameni taa iliyoandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga hauingii. Fuata ule waya mwembamba kutoka ukutani hadi kwenye kisanduku, kwa macho na kwa vidole. Tafuta mahali ulipokunjwa kona kali, uliposukumwa na mguu wa kochi, au ulipofungiwa na mlango. Ndani ya waya huo kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na kona kali inaumwaga mwanga nje. Uache upinde kwa upana, kama mduara wa glasi ya chai au zaidi. Kama umevunjika, hilo si la kurekebisha kwa gundi wala kwa utepe, na fundi wa kampuni lazima aje na mashine ya kuunganishia. Na ninakusihi, usiichomoe ncha ukaichungulia kwa jicho. Mwanga huo hauonekani kwa macho ya binadamu, kwa hiyo jicho haliwezi kujikinga kwa kupepesa. Wakataze watoto pia.

Hatua ya 5: Wi-Fi ipo sebuleni, chumbani hakuna

Hapa tatizo ni nyumba yenyewe. Nyumba zetu nyingi ni za matofali ya kuchoma, zenye milango ya chuma na madirisha ya nondo, juu mabati. Chuma kinarudisha mawimbi na ukuta mnene unayanyonya. Maji nayo ni mnyonyaji mkubwa, kwa hiyo ruta iliyowekwa nyuma ya jerikani zilizojaa au pembeni mwa tangi haitafika mbali. Iweke juu, kama usawa wa kichwa cha mtu mzima, mahali pa wazi, mbali na friji, kioo kikubwa cha kabati na maikrowevu. Watu wengi huificha nyuma ya televisheni kwa sababu nyaya zake hazipendezi. Televisheni ni bamba la chuma na vioo, na umeshaziba upande mzima wa nyumba.

Wenye ruta ya laini wana mvutano hapa: dirishani mnara unasikika vizuri, lakini dirisha liko mwisho wa nyumba na vyumba vya nyuma vinakosa Wi-Fi. Ushauri wangu ni kuupa mnara kipaumbele. Mnara ukiwa dhaifu, nyumba nzima inakosa. Mnara ukiwa imara, chumba cha nyuma unaweza kukipelekea kebo ya mtandao na ruta ndogo ya pili.

Ruta nyingi za sasa zina masafa mawili. GHz 2.4 yanafika mbali na kupenya ukuta vizuri zaidi, ila ni ya polepole na yana msongamano. GHz 5 ni ya haraka, ila yanachoka baada ya ukuta mmoja au miwili. Televisheni iliyo chumba kimoja na ruta iunganishe kwenye 5, simu ya chumbani iache kwenye 2.4.

Ukikaa kwenye vyumba vya kupanga vilivyoshikana, vile Waganda wanavyoviita mizigo, una shida nyingine: ruta kumi za majirani zinapiga kelele kwenye masafa yaleyale. Kwenye GHz 2.4 chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11. Weka programu ya bure ya kupimia Wi-Fi kwenye simu ya Android, uone majirani wamejaa kwenye ipi, kisha ingia kwenye ukurasa wa ruta uchague nyingine kati ya hizo tatu. Usichague 3 au 8 kwa kudhani umewakwepa, maana hapo utagongana na wa pande zote mbili.

Hatua ya 6: Kila kitu kipo sawa, ila kurasa hazifunguki

Kwenye kompyuta fungua dirisha la amri uandike ping 8.8.8.8. Majibu yakirudi na bado tovuti hazifunguki, intaneti ipo. Kilichokwama ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba. Kwenye mipangilio ya ruta au ya kifaa, weka DNS ya 8.8.8.8 ya Google au 1.1.1.1 ya Cloudflare, kisha jaribu tena.

Kama wasiwasi wako ni kasi, soma vipimo kwa makini. Kampuni huuza kwa megabiti, simu huonyesha mafaili kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde kinapakua kama megabaiti 1.25 kwa sekunde kikiwa kwenye hali bora. Kabla ya kulalamika, pima ukiwa umesimama kando ya ruta na vifaa vingine vimezimwa.

Hatua ya 7: Tatizo lisilo la nyumbani kwako

Ikiwa Facebook peke yake ndiyo haifunguki na kila kingine kinafanya kazi, usihangaike na ruta. Serikali iliifunga Facebook hapa Uganda Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na tangu hapo watu wameizoea kwa kupitia VPN. Bado ninaletewa simu na wageni waliovuka mpaka wa Malaba au Busia wakiamini zimeharibika.

Kuna na siku ambazo nchi nzima inakuwa polepole. Uganda haina bahari. Intaneti yetu inashuka kwa nchi kavu hadi pwani za majirani na kuingia kwenye kebo za chini ya bahari. Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikayumba. Siku kama hiyo hakuna cha kurekebisha nyumbani. Waulize majirani wanaotumia kampuni nyingine. Nao wakilia, subiri.

Hatua ya 8: Sasa riseti, kama imebidi

Kuwasha upya na kufanya riseti ni mambo mawili tofauti. Kuwasha upya ni kuchomoa umeme na kuurudisha, na hakufuti kitu. Riseti inairudisha ruta ilivyotoka kiwandani. Ifanye tu kama umesahau nywila ya ukurasa wa ruta, au kama mipangilio imevurugika na hakuna anayejua ilivyokuwa.

Kabla ya kuingiza pini, piga picha kibandiko cha chini, kisha ingia kwenye ukurasa wa ruta, ukiweza, upige picha kurasa za APN, yaani mipangilio ya laini ya kufikia intaneti ya kampuni, au jina la mtumiaji na nywila ya faiba. Bila hayo ruta inaweza kuwaka vizuri na bado ikakosa njia ya kufika kwa kampuni. Baada ya riseti, rudisha jina la Wi-Fi na nywila zilezile za zamani, herufi kwa herufi. Vifaa vyote vitajiunga vyenyewe bila wewe kuvigusa. Laiti yule kijana wa kwa Hajati angeliandika jina la zamani, tusingelikaa hadi magharibi. Mwishoni badilisha nywila ya ukurasa wa ruta, ile iliyotoka kiwandani, kwa sababu jirani yeyote anaweza kuibahatisha.

Hatua ya 9: Kuipigia kampuni

Ukimwambia mtu wa huduma kwa wateja "mtandao haupo", atakujibu uzime na uwashe. Mpe ulichokwisha kupima: ni vifaa vyote, adapta ni nzima, ukurasa wa ruta unafunguka, LOS ni nyekundu tangu saa mbili asubuhi, au RSRP ni -112 mahali ambapo mwezi jana ilikuwa -95. Utaona anavyobadilika. Omba namba ya malalamiko, iandike kwenye karatasi pamoja na tarehe na saa, uibandike karibu na ruta. Siku zikipita bila jibu, Tume ya Mawasiliano ya Uganda, UCC, hupokea malalamiko ya wateja, na jambo la kwanza watakalokuuliza ni kama uliwaambia kampuni na lini.